Kulibishia Bomba Hodi

"Mjomba, mbona unalibishia bomba hodi? Kwani nani yumo?"

Mwanamize alikuwa na miaka saba alipouliza hivyo, amechuchumaa jikoni kwao Al-Nuzha, mjini Jeddah, kidevu juu ya magoti. Mjomba wake Haidar alikuwa amelala chali chini ya sinki, spana mkononi. Maji ya tangi la juu alikwisha kuyafunga, koki ya chini alikwisha kuifungua, na mpira wa kumwagia maji ulikuwa umeacha kutiririka. Fundi mwingine angekwisha kulegeza nati akaenda zake. Haidar aligonga bomba kwa mpini wa spana, ko, ko, ko, akatega sikio, akasogea juu shubiri moja, akagonga tena.

"Yumo jini la maji," akajibu. "Namwomba ruhusa."

"Na akisema karibu?"

"Akisema karibu, ndipo tukimbie."

Mtoto akacheka mpaka akakaa sakafuni. Baba yake, Hamdun, aliyekuwa amesimama mlangoni, hakucheka. Aliweka kikombe cha kahawa juu ya friji, hajakifikisha nusu, akatoka. Haidar alizisikia ndala zake zikienda. Jicho lake moja likabaki kwenye bomba.

Lile la pili lilibaki Riyadh.

Lilibaki miaka ile mafuta yalipopanda bei na Riyadh ikawa kama sufuria iliyotokota, kila mtu anakimbilia na bakuli lake. Haidar, mtoto wa Unguja aliyevuka bahari na wazee wake baada ya mapinduzi, alikuwa fundi bomba wa kutegemewa mitaa ya Ghulail, huko Jeddah. Shemeji yake Hamdun alikuwa mshona kofia.

"Nani atangoja kofia ya mkono mwezi mzima, shemeji," Hamdun alilalamika, "na mkabala wangu wanauza za mashine kwa mafungu kama mchicha?"

Haidar akampeleka kwa kafili wake, tajiri aliyemdhamini nchini, akamwombea ikama, kibali cha kuishi na kufanya kazi, wakapanda Riyadh pamoja. Mwanakhamis, dada yake Haidar na mke wa Hamdun, wakati huo mimba yake ya kwanza imeshaonekana. Aliwaaga kwa maneno ya mzaha yaliyokuwa si mzaha.

"Kaka, nakukabidhi mume wangu. Mikono yake ya sindano, usije ukampa nyundo. Na usinirudishie peke yako."

"Nitakurudishia na nyongeza," Haidar akasema.

Nyumba waliyopewa kazi ilikuwa mtaa wa Sulimaniyah, ya ghorofa, ya rafiki wa kafili. Baridi ya Riyadh wakati wa kipupwe huingia mifupani, na mwenye nyumba alikuwa ametandaza ukutani vile vyuma vinavyopitisha maji moto, yanapikwa na boila nyuma ya nyumba yakapanda mpaka juu. Kiungo kimoja, chini ya dari ya ukumbi, kilikuwa kinavuja. Kazi ya asubuhi moja, mradi mfumo wote umwagwe maji kwanza.

Haidar alijua namna ya kumwaga maji ya nyumba. Unazima moto, unangoja mpaka kiganja kiweze kukaa juu ya bomba. Unafunga yanayoingia. Unafungua chini kabisa, kisha unapanda juu kabisa ukafungue kijikoki cha hewa, maana maji hayashuki mpaka hewa ipate pa kuingilia. Ukisahau juu, maji hujining'iniza humo humo, kama mgeni asiyejua kuaga.

Lakini siku ile juu kulikuwa na wageni, wanawake tu. Madam, mke wa mwenye nyumba, alikuwa ameagiza moto usizimwe mpaka wamalize kahawa. Walipomaliza, hawakuondoka.

"Bosi, lazima nipande juu," Haidar alimwambia kafili.

"Juu hapaingiwi," kafili akasema. "Wataanza kuona baridi sasa hivi. Yalla, fungua, funga, halas, basi."

Haidar akakuna kichwa. Akamchukua shemeji yake mpaka bustanini, akamshikisha ncha ya mpira.

"Sikiliza, Hamdun. Juu kumefungwa, kwa hiyo yatatoka kwa kukohoa. Yatatoka, yatakata, yatatoka tena. Usijali. Wewe niambie yakiisha."

"Yakiisha nikuite."

"Eee. Yakiisha."

Haidar akapanda ngazi ukumbini, uso juu, spana kwenye nati. Kafili amesimama chini yake anazungusha tasbihi, yalla, yalla. Boila imezimwa punde tu. Huko bustanini mpira ukakohoa mara moja, mara mbili, ukanyamaza. Hamdun akautikisa. Akachungulia ndani yake. Hakuna kitu. Akapaza sauti kwa nguvu zake zote:

"Yamesimama!"

Neno lilikuwa la haki. Maji yalikuwa yamesimama. Yalikuwa yamesimama wima ndani ya ukuta, kuanzia pale kwenye nati mpaka ghorofani kwa wanawake, yanachoma.

Haidar akasikia alichokuwa anakingoja. Akazungusha spana.

Hospitalini, kafili alikuja siku uso wa Haidar ulipokuwa bado ni kitambaa kitupu na tundu la mdomo. Hamdun alikuwa miguuni pa kitanda, hajaoga, hajala. Kafili hakuwa anajua Kiswahili. Kelele alizisikia, maana yake hakuijua.

"Yule shemeji yako alipiga ukelele," akasema. "Alisema nini? Kama ni yeye aliyekuambia ufungue, kesho namtia ndegeni."

Haidar alifikiri ndege. Alifikiri Mwanakhamis peke yake Ghulail, na tumbo lile.

"Aliniambia ngoja," akasema. "Mimi sikungoja."

Alimsikiliza Hamdun. Alidhani atasema neno. Hamdun alisikika akinyoosha shuka la kitanda, basi.

"Fundi anaambiwa ngoja na hangoji!" kafili akasema. Hakumfukuza Haidar nchini, alimwachilia tu atafute kafili mwingine, na huyo mwingine alimpata Ghulail, kwa kazi ya kuzibua masinki ya maduka. Hamdun alibaki Riyadh, akajifunza kazi kweli kweli, akarudi Jeddah na watu chini yake na nyumba Al-Nuzha. Kila Haidar alipokuja kumtazama dada yake, Hamdun alikumbuka ana kazi mahali.

"Mume wangu ana nini nawe?" Mwanakhamis aliwahi kuuliza.

"Ana shughuli," Haidar alisema.

Hamdun alikufa ghafla, moyo, yeye na Haidar hawajakaa pamoja chakula kimoja. Kwenye hitima yake wanawake walinong'ona kwamba uongo wa Hamdun ndio uliomtoa Haidar jicho, na aliyenong'ona zaidi hakujua kwamba Mwanamize, sasa msichana wa sekondari, yuko nyuma yake na sinia la maandazi.

Kesho yake Mwanamize akaenda Ghulail na sare ya shule. Haidar alikuwa chini ya sinki la kinyozi, anagonga. Ko, ko, ko. Msichana akachuchumaa palepale, kidevu juu ya magoti. Macho yake yalikuwa mekundu.

"Mjomba. Nani yumo?"

Haidar aliweka spana chini. Akajifuta mkono kwenye suruali, akamshika kichwa, kama alivyokuwa akimshika mdogo.

"Baba'ko alisema kweli, mwanangu. Maji yalikuwa yamesimama. Mimi ndiye sikuuliza yamesimama wapi. Basi ndiyo nauliza."