Kiondo cha Mwaitu Kwenye Benchi la Sukari

Mwaitu, ndivyo sisi Wakamba tunavyomwita mama, hakuwa mtu wa kukaa mikono mitupu. Kanisani, sokoni, hata matangani, kiondo kilikuwa mapajani na vidole vinasuka. Na kwenye kliniki ya sukari pale Machakos, miaka ile ya tisini ikielekea ukingoni, benchi zima la akina mama lilikuwa hivyo hivyo: wanangoja kupimwa, wanasuka, wanasengenya.

Mimi nilikuwa namsindikiza, na macho yangu yote yalikuwa kwenye mguu wake. Kidole kilikuwa na kidonda kisichopona. Daktari alishatwambia waziwazi kwamba sukari isiposhuka, mguu utakatwa. Lakini kila tukirudi ilikuwa imepanda. Dawa ikaongezwa, ikapanda tena. Shangazi zangu kule Kathiani wakasema anakula miwa kwa siri. Mdomo wangu hauna breki, nikawauliza miwa gani, na hata uji anauacha kwenye kikombe? Wakaninunia mwezi mzima, nami sikujali.

Sista, muuguzi wa kliniki, alikuwa mama mnene, wa sauti ya chini. Kila alipotaja siku ya kurudi, Mwaitu alimjibu, "Andika tu, kama nitakuwepo." Sisi tulicheka, tukidhani ni utani wa wazee. Sista hakucheka.

Asubuhi moja akamuuliza, "Mama, kiondo umeacha wapi?"

"Nyumbani."

"Na kliniki iliyopita?"

Sista akafunga mlango, akavuta kiti, akakaa. Nje watu walikuwa wamejaa, na bado alikaa. Akamuuliza kama usiku anapata usingizi. Akamuuliza kama kuna siku anaona heri asiamke.

"Niko na siku nyingi za hivyo," Mwaitu akasema.

Kisha akasema yote, polepole, akiangalia sakafu. Tangu baba afariki, alikuwa akijaza sindano ya sukari vizuri mbele yetu, anatoka nayo nyuma ya nyumba, na kuimwaga dawa kwenye shina la mgomba. "Naongeza siku za nini?" aliuliza. Mimi nililia kama mtoto. Yeye hakulia.

Sista hakumkemea. Alimwambia, "Huo nao ni ugonjwa, mama, kama sukari. Nao una dawa."

Nikajua sasa tutatumwa upande wa wagonjwa wa akili, na Mwaitu hataenda ng'o. Angeonwa na mtu wa kwetu, na habari zingefika Kathiani kabla yetu. Kumbe sista alishalifikiria hilo. Yeye na daktari walikuwa wameelewana kwamba mshauri wa mambo ya akili aje siku ile ile ya sukari, akae chumba kile kile. Anayekuona ukiingia anajua umeenda kupimwa tu. Nimekutana na wakubwa wengi tangu hapo, na sijaona wa kumfikia yule mama kwa akili na huruma.

Haikuwa miujiza. Sindano nikawa namdunga mimi, tunagombana kila asubuhi. Vidonge vya huzuni alisema vinampa kiu. Kwa mshauri alikaa kimya mara ya kwanza, mara ya pili akamsimulia habari za baba mpaka tukachelewa kurudi nyumbani. Kidole kilikatwa. Mguu ukabaki.

Halafu siku moja ya kliniki, tukiwa tumeshatoka mlangoni kwetu, akarudi ndani kuchukua nyuzi zake za mkonge. Nikajifanya sioni, nikiogopa kuharibu.

Kliniki iliyofuata, sista alikiona kiondo, kimefika nusu, akakishika na kukigeuzageuza.

"Hiki ni changu?" akauliza.

"Ni chako," Mwaitu akasema, akamnyang'anya. "Lakini hakijaisha. Andika tarehe, nitakuja nacho."