Ndege Wasio na Macho

Ami yangu Khelef, ndugu yake baba, hachongi macho. Atakuchongea mlango mzima wa msaji, mawaridi juu, minyororo pembeni, majani yaliyopishana kama ukili. Lakini mwombe samaki, naye atakuchongea samaki asiye na jicho. Ukiuliza jicho liko wapi, atakwambia limelala.

Alifundishwa hivyo kwao Unguja na Fundi Himid wa Malindi, mtu aliyekuwa na mkono mwepesi kwenye patasi na mzito kwenye mashavu ya wanafunzi. Fundi Himid akiwaambia kwamba mwenye kuchonga kiumbe ataambiwa Siku ya Kiyama akitie roho alichokichonga, na hataweza. Kwa hiyo ukilazimika, punguza kitu. Acha kasoro, ijulikane kuwa huo ni mti tu. Ami alikuwa rika langu aliposikia maneno hayo. Tangu hapo ameacha mengi: sigara, mpira, kugombana na baba yangu kila Idi. Hilo la macho hajaliacha.

Alikuja Dubai kabla baba hajaoa, patasi zake zimeviringishwa ndani ya kikoi. Zamani alikuwa na kazi nyingi mno: milango ya majumba ya Jumeirah, makabati ya Kurani, viti vya mabwana harusi. Halafu zikaja mashine za kompyuta. Unaiwekea mashine ubao, unakwenda kunywa chai, ukirudi mlango uko tayari. Ami anasema mlango wa mashine ni kama mtu anayekuamkia huku anatazama simu.

Mwaka ninaousimulia, karakana yake ya Al Quoz ilikuwa imebanwa kati ya duka la matairi na gereji, na mwenye gereji alikuwa anataka kupanuka. Arbab mwenye banda alimwambia Ami kwa adabu kwamba mwisho wa mwaka, kama hana kazi ya maana, akabidhi ufunguo. Baba alimwambia asijali, nyumbani kwetu Al Qusais chumba kipo. Ami alimjibu ahsante kwa sauti ya mtu aliyeambiwa kaburi limeshachimbwa.

Ndipo akaja Belinda.

Belinda ni Mkenya wa Nairobi, anasimamia kazi za kampuni ya mapambo. Kofia yake nyeupe ya ujenzi haimtoki kichwani hata akiwa ndani ya gari. Kulikuwa na hoteli huko Marina inayofungua mgahawa wa Kimisri, na mlangoni walitaka ukuta wa mbao uliochongwa kwa mkono. Mashine hawakuitaka. Alikunjua mchoro juu ya meza ya kazi, na mimi, niliyezoea kupita hapo kila Alhamisi nikitoka shule, nikajipenyeza katikati.

Maandishi ya Misri nilishayaona kitabuni, madogo, kama wadudu. Sikuwahi kuyaona makubwa namna ile. Mwewe, bata, nyoka mwenye pembe, miguu inayotembea bila mtu, na bundi. Wote wanatazama pembeni, bundi peke yake ndiye amegeuza uso anakutazama wewe. Herufi nilikuwa nazijua. Sikujua kwamba herufi inaweza kuwa na manyoya.

"Bundi mlangoni kwa mtu?" Ami akauliza.

"Kwa Wamisri hiyo ni herufi tu, fundi," Belinda akasema.

"Na wageni wote watakuwa Wamisri?"

Lakini kazi aliichukua. Angeikataaje? Akachonga ubao mmoja wa mfano, na Belinda aliporudi kuutazama nilikuwepo. Aliinama, akawasha tochi ya simu, akaupitisha mwanga polepole.

"Fundi, hizi ndege zako haziwezi kuona."

"Si ndege. Ni mti."

"Sawa, ni mti. Lakini kwa mchoro ziko na macho. Mteja atasema tumesahau."

"Mwambie hatukusahau."

"Fundi, tafadhali. Ni kanukta tu. Dakika mbili."

Hapo Wilbard akanyoosha mkono kama yuko darasani. Wilbard ni msaidizi wa Ami, Mhaya wa Kamachumu, wamekaa pamoja mpaka wanakohoa namna moja. "Bosi, mimi Mkristo. Niache nizitoboe mimi. Dhambi naibeba, nitaungama kanisani."

"Padri atakuuliza ilikuwa karakana ya nani."

"Nitasema sijui."

"Basi hapo utakuwa na mbili za kuungama."

Belinda alicheka, halafu akaacha kucheka. Akasema mhandisi Nassir, Mmisri anayemwakilisha mwenye hoteli, atakuja mwenyewe wiki ijayo. Ubao ukimridhisha, ukuta wote ni wa Ami. Usipomridhisha, mchoro unakwenda kwenye mashine, na yeye Belinda hatakuwa na la kusema.

Usiku ule sikufungua hata kitabu cha fizikia. Nilitaka kujua kama katika Wamisri wale wote wa zamani hakuwepo hata mmoja aliyekuwa kama Ami yangu. Na nikampata. Nilipoiona picha kwenye tableti nilikaa wima kitandani. Kwenye vyumba vya kuzikia maiti, ndani kabisa, kuna kuta zenye ndege wasio na miguu, simba aliyekatwa vipande viwili, nyoka waliokatwa. Imeelezwa kwamba mafundi waliogopa herufi zisije zikapata uhai gizani, zikamdhuru marehemu au zikamlia chakula chake. Kwa hiyo walizipunguza.

Nilimpelekea Ami tableti baada ya sala ya Ijumaa. Alivaa miwani, akatazama.

"Huyu fundi aliogopa," akasema.

"Kama wewe, Ami."

"Si kama mimi. Yeye alimwogopa ndege. Mimi namwogopa aliyemuumba ndege." Lakini tableti hakunirudishia. Mwanga wa kioo ulipofifia aliuamsha kwa kidole, akauliza, "Amekata wapi hapa, kwenye goti au kwenye paja?"

Akachonga ubao wa pili. Ndege wake walikatika tumboni, na kwa kuwa aliyekatika tumbo hawezi kuishi, Ami alisema jicho haliwezi kumsaidia kitu. Akawatia macho. Nilimwona akilitia la kwanza. Wilbard alizima redio bila kuambiwa. Ami aligonga patasi mara moja, akapuliza unga, akaendelea na la pili. Walikuwa wazuri kweli. Ila alipomaliza aliugeuzia ubao ukutani, na chakula alicholetewa hakukigusa. Mimi nilijiambia amechoka.

Nassir alikuja na Belinda, mtu mnene, mpole, mwenye masharubu ya kijivu. Kabla ya kutazama alipitisha kiganja juu ya mbao, kama mtu anayemkagua farasi. Yeye na Ami walizungumza Kiarabu, nami nitaeleza kama nilivyosikia.

"Ya hajj, nani aliyekuonyesha ndege hawa?"

Ami alinielekeza kwa kidevu. Nikaeleza kila kitu, vyumba, giza, nyoka, nikiongea haraka kama ninayemaliza mtihani. Nassir alinisikiliza mpaka mwisho.

"Umesoma vizuri, binti. Na hizo kuta zilikuwa wapi?"

"Makaburini."

"Na sisi tunafungua nini?"

Nilihisi masikio yangu yanapata moto. Wilbard akakohoa.

"Mtu ataagiza samaki wa kuchoma," Nassir akasema, bila ubaya hata kidogo, "mbele ya herufi zilizokatwa miguu ili zisimlie maiti chakula. Mwenye hoteli hajui kusoma haya, lakini mimi najua, na kila siku nitapita pale."

Nilimtafsiria Belinda, naye akajikalia juu ya rundo la mbao. "Basi tumekwisha," akasema, na hilo alilisema kwa Kiswahili, kwa ajili yetu tu.

Mimi nilikuwa namtazama Ami. Nilitegemea nione uso umeanguka. Badala yake mabega yake yalishuka kama ya mtu aliyetuliwa gunia la mchele.

"Ni kweli," akamwambia Nassir. "Mimi pia sikulala vizuri na hawa."

"Basi kwa nini usinichongee ndege mzima tu, kama walivyo kwenye mahekalu?"

Ami akamweleza. Nilishazoea kumsikia akilizungusha jambo hili kwa mzaha, jicho limelala, jicho limekwenda sokoni. Siku ile hakutia mzaha. Alimtaja Fundi Himid kwa jina lake na la baba yake. Akasema, "Mwalimu wangu amekufa. Nikibadilisha leo, ruhusa nitamwomba nani?"

Nassir aliuvuta mchoro wa Belinda, akauinamia. "Hapa panasema nini?" akamuuliza Belinda kwa Kiingereza.

"Panasema?"

"Haya ni maandishi. Yanasema nini?"

Belinda akanitazama mimi, kana kwamba mimi ndiye niliyeyaandika. "Tulichukua zile zinapendeza," akasema.

"Nusu ya jina la mfalme," Nassir akasoma, kidole kikitembea. "Halafu bata. Halafu kipande cha hesabu ya ng'ombe." Akacheka, akajipiga kipaji cha uso. "Na mimi ndiye niliyeupitisha. Niliutazama kwenye simu nikiwa uwanja wa ndege, nikasema yalla, endeleeni."

Kwenye gereji ya jirani mtu alikuwa anagonga chuma. Nassir aliinua kichwa, akauliza swali ambalo nashangaa sisi wote hatukuliuliza tangu mwanzo.

"Kwani lazima ndege?"

Akachomoa penseli sikioni mwa Wilbard, akaokota kipande cha ubao, akachora. Kwanza kitanzi chenye msalaba chini yake, kile ambacho kila mtu anakijua: uzima. Pembeni yake kijiti. Pembeni yake kitambaa kilichokunjwa. "Uzima, neema, afya," akasema. "Watu wa kale waliyaandika haya matatu baada ya kumtaja mfalme, kama dua." Akachora mkeka wenye mkate juu yake. "Hii ni amani, utulivu. Mkeka na mkate." Akachora mistari ya maji. Akachora nyumba. Akachora jua.

Nilimuuliza kama hayo ni maandishi ya kweli au anatuhurumia tu. Akasema ni ya kweli kabisa. Huwezi kuandika kila neno hivyo, bila kiumbe, lakini ukuta wa mgahawa hauna haja ya hotuba. "Mkate, maji, uzima, afya, amani. Mtu anataka nini zaidi mezani?"

Wilbard alikuwa amekikodolea macho kile kijiti. "Bosi, muulize hiki ni nini."

Ami akauliza. "Cha kupekechea moto," Nassir akajibu.

"Nilijua," Wilbard akasema, akasugua viganja hewani. "Bibi yangu alikuwa nacho Kamachumu. Mvua ikinyesha siku tatu, kijiji kizima kinakuja kuomba moto kwake. Na yeye akiwajua wanaomsengenya, wanasubiri kwanza."

Nassir alitafsiriwa, akacheka mpaka masharubu yakapanda. Ami yeye hakucheka. Alikuwa ameushika ule ubao karibu na uso.

"Kitambaa hiki," akasema, "upande mmoja ni mrefu kuliko mwingine. Makusudi au mkono wako?"

"Makusudi. Mmoja mrefu, mmoja mfupi."

"Na kimekunjwa kikalainika, au kina ncha?"

Belinda alinigusa kiwiko. Hata yeye, asiyejua Kiarabu, alielewa kwamba mtu asiyetaka kazi haulizi maswali kama hayo.

Jioni ile, wageni walipokwishaondoka, Ami alichukua randa akawapitia wale ndege wa makaburini mpaka wakawa mavumbi ya msaji miguuni mwake. Halafu akala. Wilbard aliwasha redio.

Mchoro mpya ulikwenda ofisini ukakaa. Kila Alhamisi nikifika nilimkuta Ami ananoa patasi zilizokwishanolewa. Hatimaye alipopigiwa simu kutoka huko alijibu "inshallah" na "sawa" tu, akakata, akamwambia Wilbard alete ubao mrefu. Hivyo ndivyo tulivyojua kwamba umekubaliwa. Nassir alikuwa ameandika mwenyewe mistari yote, na alipokuwa na shaka alimpigia rafiki yake aliyesomea mambo hayo Luxor. Mimi nilipewa msasa na mikate. Mkate ni nusu duara tu, lakini ipo mingi sana kwenye ukuta ule, na yote imepita mikononi mwangu.

Siku moja, kazi imefika katikati, mwenye gereji aliingia na futi kupima banda. Alikuwa na hakika, maskini, kwamba mwisho wa mwaka ni wake. Ami alimkaribisha chai. Kabla hajainywa, Wilbard akamwomba ashike ncha ya ubao, mara moja tu, maana ni mzito. Akashika. Akashikishwa na wa pili. Alipouliza kazi hii ni ya nani, Ami akamtajia hoteli, na kwamba wenye hoteli wameuliza na bei ya milango ya vyumba vya mapokezi. Arbab alishaambiwa, na alishasema karakana ibaki. Yule bwana alikunja futi yake, akanywa chai yake mpaka tone la mwisho, akauliza kama anaweza kuchongewa jina la binti yake anayeolewa.

Alipoondoka, Ami alivua miwani akaifuta kwa kanzu.

"Mawadda," akaniita. "Hao Wamisri wako walikuwa na herufi ya mlango?"

Nikamwambia ipo, nimeiona. Ubao wa mlango uliosimama, na nyingine ni komeo lake.

"Komeo pia?"

"Komeo pia, Ami."

Akafikiri kidogo, akairudisha miwani usoni. "Basi katafute," akasema, "walitumia mti gani."