Neno la Kuchongwa kwenye Jiwe la Maabara

Fundi aliponiona nimesimama mlangoni na karatasi mkononi, alizima mashine, akajifuta vumbi jeupe usoni, akaniambia kwa sauti ya upole, "Pole sana, mama. Marehemu ni nani?"

Nikamwambia hakuna marehemu, ni maabara.

"Maabara imekufa?"

"Imezaliwa, fundi. Inafunguliwa Jumamosi ijayo."

Alicheka mpaka akakohoa. Kazi yake kubwa pale mtaa wa Gerezani ni mawe ya makaburi, kwa hiyo simlaumu. Akaisoma ile karatasi kwa sauti, kidole kikifuata maneno: "Maabara hii imejengwa kwa michango ya wahitimu wa shule hii." Akahesabu herufi, akasema zitaenea. Kisha akaniangalia. "Kwa hiyo na wewe ni mhitimu. Hongera, mama."

Nikamjibu nitarudi kesho, kuna kitu sijakihakikisha.

Kitu chenyewe ni kwamba sikuhitimu. Nilisoma kwa masista, shule ya wasichana tu, mpaka kidato cha pili. Watu wakisikia hivyo husema, ah, ada, maisha yalikuwa magumu. Hapana. Baba alilipa ada kila muhula. Nilifeli mtihani wa kidato cha pili, nikakariri mwaka, nikafeli tena, na kwa utaratibu wa wakati ule nikaondolewa. Masista hawakunionea. Toka hapo nauza vifungo, zipu na uzi Kariakoo, na sina malalamiko.

Mwaka juzi mwenzangu niliyekaa naye dawati moja, mtu wa Kilimanjaro, anauza mabegi ya jumla mtaa wa pili kutoka kwangu, aliniingiza kwenye grupu la simu la waliosoma pale. Yeye ndiye mwenyekiti. Walikuwa wanachangia maabara mpya, maana ya zamani ilivuja na wasichana walifanya majaribio kwa zamu. Nikachanga, nikachanga tena. Hakuna aliyeniuliza niliishia darasa gani, na mimi sikusema. Nilijiambia kunyamaza si kudanganya. Ilipofika zamu ya jiwe la ukutani wakasema mimi niko karibu na mafundi, nilishughulikie.

Sasa neno lile lingekaa ukutani miaka na miaka, na mimi ndani yake. Nikilinyamazia, siku ya ufunguzi sitaweza kusimama mbele yake. Nikisema, grupu zima, mna daktari humo na mwanasheria, litajua mimi ndiye yule aliyefeli mara mbili, na huenda nikatolewa kwa adabu. Nakiri pia kwamba pale kwa fundi nilishafungua mdomo nimwambie abadilishe kimyakimya. Lakini maneno yale hayakuwa yangu peke yangu.

Nikaanza na mwenyekiti. Nilimkuta kasimama juu ya stuli, ananing'iniza mabegi. Nikamwambia sikuhitimu, niliondolewa kwa kufeli.

"Wewe si ulihamia Moshi?" akashangaa.

"Moshi nina nani mimi? Kwetu Jangwani hapo. Sisi tukihama tunahamishwa na mafuriko."

Alicheka nusura aanguke. Kisha akashusha sauti. "Shoga yangu, acha hivyo hivyo. Nani atajua?"

"Mimi."

Akaniangalia kidogo. "Haya, andika kwenye grupu. Lakini andika vizuri, usijidhalilishe."

Niliandika, nikafuta, nikaandika. Sijui kama niliandika vizuri. Niliwaambia: samahani dada zangu, mimi sikuhitimu, nilifeli kidato cha pili mara mbili, naomba jiwe liseme "waliosoma", ikishindikana jiwe libaki lilivyo na mimi nisihesabiwe. Nikaitumbukiza simu kwenye boksi la vifungo, nikaenda kumhudumia mteja wa zipu za bluu. Nikampa nyeusi. Akazirudisha.

Nilipoitoa simu ilikuwa imejaa. Wa kwanza aliandika, "Kumbe! Mimi nilijua uliolewa." Wa pili aliondoka kidato cha tatu akiwa na mimba, na siku zote alikuwa anachanga kwa jina la mdogo wake. Hilo lilinikaa moyoni. Wa tatu alifukuzwa kwa kuruka ukuta kwenda kutazama mpira, na timu yake yenyewe ikafungwa.

Mwanasheria hakukubali. "Mhitimu ni aliyemaliza," aliandika. "Kuna watu tulilihangaikia neno hilo. Msilifute kirahisi."

Wengine wakamvaa, wakamwita mwenye nyodo. Mimi nilimwona ana haki. Mama yake alikuwa anapika vitumbua asubuhi, yeye anauza kwanza ndiyo aje darasani, na alifaulu. Nikaandika kwamba ana haki. Akanijibu, "Asante. Lakini na wewe siyo kwamba huna." Basi tukakwama hapo wote wawili. Mmoja akapendekeza "waliopita hapa". Nikampigia fundi kumuuliza kama yataenea. "Yanaenea," akasema, "lakini waliopita hapa, mama, hata mikokoteni inapita."

Kesho yake mwenyekiti akampigia sista mkuu wa shule, mimi nipo, spika ya simu imewashwa nami nisikie.

"Shikamoo Sista."

"Marahaba. Mnagombania nini tena?"

Akaelezwa yote. Niliinamisha kichwa kama vile ananiona.

"Mimi nikiwaombea huwa nasema wasichana wetu," akasema. "Sijawahi kutaja nani alimaliza. Andikeni wasichana wa shule hii."

"Sista, sisi tuna wajukuu!"

"Basi wasichana wenye wajukuu. Niacheni, nina fundi bomba hapa ananingoja."

Grupu lilipopelekewa, mwanasheria alikuwa wa kwanza kujibu. "Wasichana nakubali. Kwa umri huu, nani ataniita tena hivyo?"

Fundi akachonga. Alipomaliza alirudi nyuma, akalisoma, akaniangalia mimi na mwenyekiti tuliokwenda kulichukua. "Wasichana wenyewe wako wapi?"

"Unaongea nao," mwenyekiti akamjibu, "na ukiendelea na wewe tutakuita mvulana."

Jumamosi nilifunga duka. Kitambaa kilipovutwa watu wakapiga makofi, nami nikapiga, sikujificha nyuma. Tukaingizwa ndani tuone vifaa. Mwanasheria akakaa stuli ya pembeni yangu, wala sikumwita. Mwalimu akakamulia ndimu kwenye kikombe cha kioo, akatupa vikaratasi vidogo vya bluu, akasema tuchovye. Tukachovya. Vikawa vyekundu. Tulipiga kelele, waliomaliza na sisi wengine, huku tunaoneshana kama watu waliookota kitu.

Sista akagonga meza. "Wasichana!"

Tukanyamaza papo hapo, mwanasheria akiwa wa kwanza.