Pikipiki Zisizosikika: Safari ya Kumhamisha Shangazi Kutoka Somanda

Nilifunga safari kwenda Bariadi mwezi wa sita, siku ya pili baada ya shule yetu kufungwa, kwa sababu shangazi yangu Minza alikuwa amegongwa na pikipiki ya umeme. Shangazi haoni. Presha ya macho ilimpofusha akiwa mtu mzima, na tangu hapo ameishi Somanda, pale pale Bariadi mjini, na binti yake, Kabula, mwenye saluni ya kusuka nywele. Miaka yote hiyo alitembea mwenyewe. Asubuhi alishika fimbo yake, akafuata njia ya waenda kwa miguu kando ya lami, akaenda kanisani au sokoni, akarudi. Hakuna aliyemshika mkono, wala hakupenda kushikwa.

Kabula ndiye aliyenipigia simu. "Dada Limi, mama ametoka hospitali, lakini nyonga haitarudi kama zamani. Mimi niko saluni kutwa, nani atakaa naye? Mjomba Masanja anataka tumpeleke kwake Lagangabilili. Mama hataki kabisa. Wewe anakusikiliza. Njoo uzungumze naye."

Kwa hiyo sikwenda kumjulia hali tu. Nilikwenda kumwomba mtu mzima aache mji wake.

Saa kumi na mbili asubuhi basi liliondoka Dodoma. Nilikaa dirishani, nikawa napanga maneno ya kumwambia. Singida tulinunua mahindi ya kuchemsha, nikashindwa kula. Kila sentensi niliyoiandaa ilianza na "kwa usalama wako", na kila mara nilisikia jinsi atakavyonijibu.

Tulipopita Shinyanga jua lilikuwa kali, na kuanzia hapo nilianza kuiona nchi ya kwetu: mashamba mapana, mawe makubwa yaliyopandana, ng'ombe wakivuka barabara bila haraka. Pamba ilikuwa imepasuka. Akina mama walikuwa wameinama shambani, viroba vimefungwa kiunoni.

Nyalikungu, pale Maswa, basi lilisimama kidogo. Akapanda mama mmoja wa Bariadi mwenye furushi la vitenge, akakaa kando yangu. Tukasalimiana Kisukuma, mwadila mayu, yaani habari mama, kisha akaniuliza naenda kwa nani. Nilipomwambia habari ya shangazi, aliweka furushi chini.

"Yule mama wa fimbo wa Somanda? Namfahamu kwa sura. Pole sana. Hizi pikipiki za umeme zimetuchosha. Za mafuta unazisikia toka mbali, unakaa pembeni. Hizi unashtukia iko mgongoni. Na wanapita pale pale tunapopita sisi, mbele ya maduka. Ukisema, unaambiwa mama, nenda na wakati."

Saa kumi na mbili jioni tuliingia Bariadi. Kabula alikuwa ananisubiri stendi, amekonda. Tulitembea hadi nyumbani kwa miguu, na njiani nikaanza kuelewa. Katika mwendo wa dakika ishirini nilipitwa mara tatu na pikipiki zilizopanda juu ya njia ya waenda kwa miguu. Mbili zilinguruma, nikasogea. Ya tatu ilinipita begani kama upepo, nikaiona ikiwa tayari imeshapita. Mimi nina macho mawili mazima.

Shangazi alikuwa amelazwa sebuleni, kwenye godoro lililowekwa karibu na mlango. Nilipoingia aligeuza uso.

"Hizo hatua ni za Limi," alisema. "Bado unaburuta mguu wa kushoto."

Nikapiga magoti, nikamshika mkono. Ulikuwa mwepesi sana. Tulizungumza habari za wanangu, za shule, za mvua. Habari ya kuhama sikuigusa, naye hakuigusa, ingawa sote wawili tulijua nimefuata nini.

Asubuhi iliyofuata, tukiwa tunakunywa chai, mtu alibisha hodi. Alikuwa mwanaume wa miaka thelathini na kitu, kofia ngumu mkononi na chupa ya maziwa. Kabula alipomwona akatoka nje bila kumsalimu. Huyo alikuwa Shija, dereva aliyemgonga shangazi. Kumbe alikuwa anakuja kila juma tangu siku ile. Hakukimbia; yeye mwenyewe ndiye aliyembeba kumpeleka hospitali.

Alikaa mwisho wa kochi. "Unaendeleaje, mayu?"

"Naendelea. Leo nataka nikuulize jambo, baba, mbele ya mwanangu huyu. Siku ile uliniona?"

Shija aliiweka kofia yake sakafuni. "Nilikuona, mayu. Toka mbali. Nilijua utanipisha, maana siku zote ulikuwa unawapisha watu. Honi sikupiga. Tukipiga honi pale juu watu wanatutukana, wanasema hii siyo njia yenu."

"Na ni kweli siyo njia yenu."

"Ni kweli. Lakini kule chini malori yanatusukuma, mayu. Mwenzetu mmoja alivunjwa mkono pale kwenye kona. Nikaona heri juu. Nilisahau kwamba pikipiki yangu haisemi. Ukiendesha kila siku unasahau."

Shangazi alimwomba maziwa, akayanywa yote, akamshukuru kwa Kisukuma, wabeja. Shija alipoondoka nilimuuliza shangazi kama amemsamehe.

"Kumsamehe nimemsamehe siku nyingi," alisema. "Lakini mguu haujui kama nimemsamehe."

Siku ya tatu, saa tisa alasiri, kulikuwa na mkutano wa mtaa kuhusu pikipiki hizo. Watu walijaa hadi nje ya uzio. Mama Zuhura, mwenye duka la nguo ambalo shangazi alianguka mbele yake, alisimama wa kwanza, mtandio umemteleza mabegani.

"Mimi nilikuwa natoa meza zangu nje ya njia kila asubuhi ili Mama Minza apite," alisema. "Kila asubuhi. Alikuwa ananisalimia kabla sijafungua mdomo. Siku ile nilisikia kishindo tu. Sasa mnaniambia tusubiri nini?"

Mzee mmoja alitaka pikipiki za umeme zipigwe marufuku mjini. Vijana wa bodaboda walipiga kelele kwamba wana familia. Mwenye karakana ya kuchomelea vyuma alisema kosa siyo umeme, kosa ni kupanda juu ya njia ya watu, kwa sababu hata za mafuta zinapanda. Mwingine akasema zifungwe kitu cha kutoa mlio. Shija alisimama nyuma kabisa, kofia mkononi. Mwenyekiti aliandika yote, akasema yatapelekwa juu, tutajulishwa. Watu walitawanyika wakinung'unika, na tulipokuwa tunatoka, pikipiki mbili zilipanda juu ya ile njia ili kukwepa msongamano wa watu wa mkutano wenyewe. Mtu mmoja alirusha kandambili. Haikumpata yeyote.

Jioni ile nilikaa kando ya godoro nikamwambia shangazi kila kilichosemwa. Alisikiliza mpaka mwisho.

"Kwa hiyo hakuna kilichobadilika," alisema.

"Bado, shangazi."

"Na wewe umekuja kunichukua."

Maneno yote niliyoyapanga toka Dodoma yaliniishia. Nikamwambia ukweli: kwamba Kabula halali, kwamba akianguka tena hatutakuwa naye, kwamba ninaogopa. Alinipapasa uso kama alivyofanya nilipokuwa mdogo, akakuta machozi.

"Toka hapa mlangoni hadi kanisani ni hatua elfu moja mia mbili na kumi," alisema. "Nilizihesabu miezi minne mpaka zikakaa kichwani. Kule kwa Masanja nitaanza kuhesabu moja tena, na mguu huu." Akavuta pumzi. "Haya. Nipelekeni."

Hicho ndicho nilichokuja kuomba. Nilitoka uani nikalia kama mtu aliyefiwa.

Siku ya nne asubuhi tulikodi gari. Shija alikuja bila kuitwa, akasaidia kumbeba shangazi hadi kiti cha mbele. Safari hii Kabula alimwitikia salamu. Shangazi alituomba tusimame kwa Mama Zuhura. Mama yule alitoka mbio, akaingiza mikono dirishani, wakashikana. Mama Zuhura alimfunga kitenge kipya mabegani, akasema, "Nitakuja kukuona, Mama Minza, Inshallah," akarudi dukani upesi, uso kaufunika.

Tukaacha lami. Njia ya Lagangabilili ilikuwa na vumbi, gari likitupwa huku na huku, na kila lilipogonga shimo shangazi aliuma midomo. Kabla ya saa sita tulifika. Baba mdogo Masanja alikuwa amefagia uwanja, amechinja mbuzi, amemwandalia dada yake chumba chenye dirisha upande wa mashamba. Alimpokea kwa furaha ya kweli. Wajukuu wakapanga mstari kusalimia, akamgusa kila mmoja kichwani na kuuliza jina lake. Aliyekuwa anasikika vizuri zaidi katika uwanja ule alikuwa baba mdogo.

Nililala pale siku mbili. Siku ya kuondoka nilimkuta amekaa mlangoni, fimbo mapajani.

"Hapa mtu akija namsikia toka kwenye mihogo," alisema. "Mkokoteni nausikia, baiskeli naisikia. Ni pazuri. Usiende na mawazo."

Nilirudi Bariadi, nikapanda basi la alfajiri, nikafika Dodoma jioni. Wanangu waliniuliza safari ilikuwaje. Niliwaambia bibi yenu yupo salama, na ni kweli. Lakini njia nzima nilikuwa naona jambo moja ambalo bado linanisumbua: palipokuwa na kosa tulipaacha kama palivyo, tukamhamisha aliyeumia. Tulifanya hivyo kwa upendo, tukamchinjia na mbuzi.

Majuma matatu baadaye nilimpigia. Baba mdogo alimpa simu, shangazi akaniambia anakula vizuri na ameweza kusimama akishika ukuta. Nikamuuliza, kama kwa mzaha, kama Lagangabilili imemkubali kiasi cha kutotaka tena mjini.

Nilisikia fimbo yake ikigonga sakafu mara mbili.

"Mguu ungekubali, Limi," alisema, "ningerudi kesho."