Mwaka Niliobaki kwa Bibi

Enzi zetu kule milimani Mbinga, umri wa kuanza shule ulipimwa kwa mkono. Ukiupitisha juu ya kichwa ukagusa sikio la upande wa pili, umekua. Usipogusa, rudi ukacheze. Basi tulishinda tukivutana mikono, tukiteleza mteremkoni juu ya vipande vya mgomba, mpaka zile nguo za mitumba zilizoanza kuingia miaka hiyo zinatoboka makalioni.

Kisha masista wakafungua shule ya vidudu kigangoni, kule chini bondeni. Baba akapania niende mara moja. Alikuwa mtu wa mambo mapya: sabuni na sukari zimejaa tena madukani, kahawa inanunuliwa na wafanyabiashara binafsi, kwa nini mtoto wake abaki nyuma? Bibi, mama yake mzazi, niliyeshinda naye shambani kila siku, hakutaka hata kusikia. Mimi niliutamani uji wa masista, lakini nikifikiria kumwacha bibi peke yake, naghairi.

Sista akanipima. Nimerithi mikono mirefu ya baba, kwa hiyo sikio nililishika lote. Baba alicheka njia nzima. Lakini bibi naye alikuwa na kipimo chake. Alinishusha kwenye ngolo, yale mashimo tunayolimia milimani ili mvua isibebe udongo, akaniambia nitoke mwenyewe. Nikaparamia, nikateleza, nikaparamia tena. Mwisho nikakaa kwenye tope nikaanza kuchuma maua ya maharage yake.

“Mikono imefika shule,” bibi alimwambia baba. “Miguu bado.”

Baba hakukubali, nikapelekwa. Kwenda kulikuwa mteremko, sikuwa na shida. Mlima wa kurudi ndio ulionishinda. Baba akawa anaacha palizi kuja kunibeba mgongoni, nimelala fofofo, mate yanamtiririka shingoni. Haikuchukua muda. Jioni moja alinitua jikoni kwa bibi, akasema, “Mama, huyu abaki kwanza.”

Bibi hakumcheka. Alisogeza kigoda tu, nikapata nafasi karibu na moto.

Nilifurahi mno, na furaha ile ninayo hadi leo. Mwaka ule nilikula maboga ya kuchemsha na dagaa walioletwa na akina mama kutoka Mbamba Bay. Nilijifunza kupiga magoti na kusema shikamoo bila kusukumwa kisogo. Nilipoanza shule nilikuwa mkubwa kuliko wenzangu, na mlima niliupanda nikiimba.

Siku hizi watoto wanahitimu chekechea kwa joho na kofia kana kwamba wamemaliza udaktari, halafu ukimtuma mmoja chumvi kwa jirani anarudi na kilio. Kazini kwangu kina mama hubishana: aanze na miaka mitatu, minne, au mitano? Mimi huwasikiliza tu. Mwanangu ana mitatu. Basi la shule humchukua bado giza, humrudisha amesinzia, na rangi zote anazijua kwa Kiingereza. Siku ya kumwandikisha, mwalimu alimtazama, akaniuliza mbona bado mdogo hivi.

Nikamjibu kwamba ni mdogo kweli, ila nyumbani mchana hakuna mtu.