Pumzi ya Kianzio

Shemeji yangu alikuwa mpiga pasi katika nyumba ya wageni, na mtaa mzima ulimwita Kianzio. Jina alilipata kwenye kwaya yetu, maana hakuna wimbo ulioanza kabla yeye hajaanza. Hatukuwa na mtu wa kutupungia mikono mbele. Aliimba mstari wa kwanza peke yake, kisha akavuta hewa kwa pua, kwa nguvu, mpaka mabega yakainuka, nasi tukaingia kwa pamoja. Wageni walidhani ni ufundi mkubwa. Yalikuwa mazoea tu, kama mtu anavyojua swichi ilipo nyumbani kwake gizani.

Tuliimba kwenye matamasha ya kuchangia. Nyumba ya fundi bomba ilipoungua, tuliimba. Paa la zahanati lilipong'oka, tuliimba. Mimi ni fundi viatu na mdomo wangu hauna breki, kwa hiyo nilisema wazi kwamba nusu ya watu wanakuja kustarehe bure.

"Kutoa ni moyo, si utajiri," alinijibu Kianzio. "Na wewe shemeji huna vyote viwili, basi angalau imba. Ingawa ukiimba besi ni kama mtu anasukuma kabati."

Jina la Kabati nusura linigande.

Yeye ndiye aliyeleta utaratibu wa kiti. Anayechangiwa hukaa kwenye kiti cha mikono, tunachoazima ofisini kwa mwalimu mkuu, chini ya jukwaa, akitutazama sisi na kuwapa watu mgongo. Haimbi. Hashiki kipaza sauti kushukuru. "Mtu akisaidiwa asilipe kwa machozi yake," alisema. "Akilia, tumwone sisi tu."

Sauti yake ilipoanza kukwaruza, tulisema ni mvuke wa pasi. Akanywa maji ya moto na asali, akapumzika, ikazidi. Mwishowe daktari akamweleza bila kuzunguka: ni saratani ya zoloto, kiungo cha sauti kooni. Ikiondolewa mapema atapona, lakini atapumua kwa tundu shingoni, na sauti yake haitarudi.

Kianzio akakataa.

Tulimfuata kazini, mimi na binti yake, ambaye ni msusi. Chumba cha pasi kilikuwa na joto la kukausha mate. Mashuka yamerundikwa mpaka dirishani, naye anapiga pasi kana kwamba hatupo.

"Mama, ni sauti au kaburi," binti alimwambia.

"Usinitishe na kaburi, mwanangu. Baba yako yuko huko. Nikifika sina sauti, atanijuaje?"

Nilikasirika. Marehemu alikuwa kaka yangu, na sikupenda atajwe kwa ubishi ule. Nikamwambia ana kiburi, kwamba mtoto huyu anataka mama, hataki wimbo. Akasimamisha pasi, akanitazama.

"Wewe shemeji, ukikatwa mikono leo, kesho utaamka uende wapi?"

Nikatoka nje nikajifanya natafuta hewa.

Tukatangaza tamasha la kumchangia kabla hajakubali. Ndiyo, tulimlazimisha, na sijutii hata kidogo. Alisema atakaa kitini kwa adabu asituaibishe, ila hospitali haendi, na kitakachopatikana tumpe mwingine. Lakini wimbo mbovu hakuweza kuuvumilia. Kwa hiyo mazoezini alisimama kando ya binti yake, aliyepewa nafasi yake, akimwelekeza kwa kidole na jicho. Mambo yalikwenda vizuri, na hakuna aliyejiuliza kwa nini.

Siku yenyewe ukumbi wa shule ulijaa mpaka madirishani. Mshona magodoro, jirani yake wa mlango kwa mlango, alimshika mkono akampeleka kitini. Binti akasogea mbele, akaimba mstari wa kwanza. Aliimba vizuri, msusi yule, sauti safi isiyo na makeke. Akafika mwisho wa mstari.

Hakuna aliyefungua mdomo.

Si mimi, si mwenzangu wa besi, si akina mama wa sauti ya kwanza. Binti akarudia mstari, sauti inatetemeka. Kimya tena. Watu wazima tumesimama kama nguo kwenye kamba, kila mmoja akingoja kitu asichokijua. Nyuma benchi likalia. Niliona haya mpaka masikio yakapata moto. Mgonjwa wetu amekaa mbele yetu, sisi tuliojidai kumwokoa, na hata wimbo umetushinda.

Binti akaanza mara ya tatu, machozi yako karibu. Alipofika mwisho, Kianzio akavuta hewa pale kitini.

Kwa hasira au kwa mazoea, sijui mpaka leo. Nilisikia pua yake, nikaona mabega yakiinuka, na besi ikanitoka kabla sijaamua. Wote tuliingia, hakuna aliyechelewa. Kianzio mwenyewe alishtuka, akajishika kifua na kututazama kana kwamba tumemwibia kitu. Ubeti wa pili ulipokaribia, akaketi wima na kuvuta tena. Safari hii alijua anachofanya. Alikuwa analia. Waliokuwa nyuma yake hawakuona. Tuliona sisi, na tulikuwa na kazi ya kuimba, lakini mimi nililia vilevile.

Watu walipokuwa wakitoka, alimvuta binti yake, akamnong'oneza, "Kaniulizie hospitali watanipokea lini."

Wakampokea, wakamfanyia upasuaji, akapona. Nisiseme alipona akicheka. Siku aliyorudi kazini, chumba cha pasi kilikuwa kimya kwa mara ya kwanza, na wenzake hawakujua watazame wapi, kwenye uso au kwenye kitambaa chepesi kinachofunika tundu. Watoto wa mtaani walimkimbia. Hujafa hujaumbika, watu walinong'ona, kana kwamba masikio nayo yalikatwa. Jioni nyingi nilimkuta amekaa mlangoni, midomo inatembea, hakuna kinachotoka. Iliniuma sana, nami nisiyejua kunyamaza nilikaa naye nikanyamaza.

Kisha mume wa mshona magodoro akafariki, akamwachia watoto wadogo. Tukaazima kiti.

Hatukumwita Kianzio. Tuliona tutamtonesha. Akaja mwenyewe, amevaa sare ya kwaya iliyonyooshwa kwa pasi, akapanda jukwaani na kusimama pale pake pa siku zote. Binti akamsogelea, akaimba mstari wa kwanza. Mama mtu akafungua kile kitambaa, mbele ya watu wote, ili tusikie.

Hewa haikupita puani tena. Ilipita shingoni, kavu, yenye mkwaruzo. Mabega yakainuka, tukaingia.

Wimbo ulipokwisha alinigeukia. Akaweka viganja viwili hewani mbele yake, akasukuma kabati.