Kidole cha Shahada

Mama yangu hataki tasbihi ya shanga. Nimemnunulia ya mbao, nikamnunulia na ya plastiki ile inayong'aa gizani, zote ziko msumarini zinakula vumbi. Yeye akimaliza kuswali anahesabu kwa vidole vya mkono wa kulia, anavikunja kimoja kimoja kuanzia kile kidogo, kila kidole na Subhanallah yake. Nikimsumbua ananijibu kwamba vidole vitasemeshwa siku ya hesabu, hizo shanga zitasema nini? Mimi hucheka tu. Mtu mwenyewe mbishi, na nyumba hii ya Mchinga ni yake, utamfanya nini?

Binti yangu wakati ule alikuwa na miaka minne. Bibi yake akiwa mkekani naye yupo, kajitanda kanga inaburuta chini, anakunja vidole vyake na midomo inacheza. Maana yake haijui. Anamwiga bibi yake kama anavyomwiga kukohoa.

Siku hiyo mchana nilikuwa uani nakuna nazi, sufuria ya wali ikafurika jikoni. Nikainuka kwenye mbuzi, nikamwambia mwanangu, "Angalia kuku wasile nazi." Nilichosikia ni "Shii! Shii!" yake, halafu ukelele ulionitoa roho. Jogoo alikuwa ametia mdomo kwenye bakuli. Mtoto katika kumfukuza akakanyaga kifuu, akateleza, akaangukia mbuzi, kiganja cha kulia juu ya meno ya chuma. Alikuwa anafanya nilichomtuma, masikini.

Damu ile, jamani! Jirani akaja mbio na kopo. "Mmwagie kahawa, damu inakata!"

"Kahawa kanywe mwenyewe!" Nilimfokea vibaya, Mungu anisamehe, na mtu wa watu alitaka kusaidia. Mama alivua mtandio wake wa kuswalia, mweupe, umefuliwa jana, akaufunga ule mkono akaukaza. Tukapanda bodaboda mshikaki mpaka Lindi: dereva, mimi na mtoto mapajani, na mama nyuma kanikumbatia kiuno, yeye aliyekuwa akiapa siku zote kwamba pikipiki hapandi mpaka anakufa.

Hospitali tulipokelewa na daktari binti wa Kimakonde, msalaba mdogo shingoni. Nami kwa mazoea, mtandio umelowa damu, nikamwambia mwanangu, "Msalimie dokta."

"Shikamoo," akasema huku analia.

"Marahaba, mama. Pole sana, mwaya."

Akafungua kitambaa, akasafisha, akainama kutazama. Kisha akaniambia taratibu. Meno yalikuwa yamepita chini ya kidole cha shahada. Humo ndani kuna kano, ndiyo kamba inayokivuta kidole kikunjike. Kama imekatika, kushona ngozi peke yake hakufai kitu, kidole kitabaki kimenyooka maisha yake yote, labda akapasuliwe mbali huko. "Kabla sijashona lazima nimwone anakikunja mwenyewe. Mwambie akunje."

Kidole cha shahada! Cha kushikia kalamu, cha kushikia sindano, cha kuinua ukimshuhudia Mungu.

"Kunja kidole, mama," nikamwambia mwanangu.

"Sitaki."

Nikamwahidi soda. Nikamwahidi vile viatu vinavyowaka taa. Nikamtisha na sindano, dokta akanikata jicho. Nikambembeleza mpaka sauti ikanikauka. Wapi! Mkono ameunyoosha juu ya meza kama si wake, vidole havitikisiki, na mimi siwezi kujua ni ukaidi au ndiyo imekwisha. Niliogopa, sijawahi kuogopa vile.

Ndipo nikasikia, nyuma yangu, mama kwenye kiti cha pembeni. "Subhanallah. Subhanallah." Kafumba macho, machozi yanamtoka, vidole vyake vinakunjika kimoja kimoja. Hakuwa na hila yoyote. Alikuwa na hofu kama mimi, na hofu yake huishia vidoleni.

Mwanangu alikuwa akimtazama juu ya bega langu. Kilio kikapungua kikawa kwikwi. Kisha midomo ikaanza kucheza.

Kidole kidogo kikakunjika.

Dokta akainua mkono, tusiseme kitu, tusimguse. Kikafuata cha pili. Cha kati kikasita, uso ukakunjamana, kikakunjika. "Subhanallah," akasema mama kule pembeni, hajui lolote. Na kidole cha shahada kikatetemeka, kikaanza kushuka, polepole, na mle ndani ya jeraha nikaona kitu cheupe kinang'aa kama nyama ya dafu, kizima, kinateleza kinaivuta ncha ya kidole cha mwanangu.

Nywele zilinisimama. Mimi niliyembeba tumboni, niliyeosha mkono huo kila siku, sikujua kama ndani yake mmewekwa kitu kizuri namna ile. Nimekuna nazi miaka yote, nimesuka ukili, nimelima korosho, na kumbe kila nikishika jembe kuna kamba nyeupe zinateleza humu kimyakimya, wala sijawahi kuziomba.

"Asante Yesu," dokta akanong'ona. Macho yake yalikuwa na maji.

Mama akafumbua yake. "Mmeshaanza kumshona?"

Nilimkumbatia pale pale kitini, akanisukuma, akaniuliza kwa Kimachinga, lugha yetu ya nyumbani, kama nimepata wazimu.

Tulirudi jioni. Mkono umefungwa bandeji kubwa, mtoto anadai soda yake na viatu vyake, hajasahau hata kimoja. Magharibi mama akatandika mkeka, na yule mdogo akajikokota na kanga yake akakaa ubavuni. Dokta alikuwa amesema siku za mwanzo mkono upumzike. Nilikuwa mlangoni, mama amemaliza kuswali anahesabu, nikaona bandeji inacheza kidogo, mahali pamoja, kisha pa pili. Nikafungua mdomo nimkataze.

Nikaufunga. Nikavua ndala, nikakaa nyuma yao, nikaanza na kidole kidogo.